Kile kitabu cha Sir wa Jiografia

Wanafunzi wangu hawaulizi kitabu kwa jina lake, wala kwa mtunzi. Anaingia mtoto wa kidato cha tatu, anazitupia rafu jicho moja, anasogea mezani: "Shikamoo Madam. Kile kitabu cha Sir wa Jiografia kipo?" Marahaba mwanangu, kipi? Maana Sir wa Jiografia ana vitabu vitano humu ndani. "Kile alichotolea noti za mkonge."

Hapo kashanipa mwalimu, somo na mada. Hajanipa jina la kitabu, mtunzi, mchapishaji wala mwaka, na katalogi nyingi, zile orodha za vitabu vya maktaba, zinataka uje na hivyo ndiyo zikusaidie. Nimeona shule zikipewa kompyuta, zikafungiwa programu ya maktaba, zikapigwa picha za makabidhiano, halafu mwaka unaofuata mtoto bado anamtegemea mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Mtu huyo akipata uhamisho wa kwenda Kilindi, maktaba imehama naye.

Ninafundisha Kiswahili kwenye sekondari ya kata hapa Tanga mjini. Maktaba nimeongezewa kwa sababu niliwahi kusoma cheti pale Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi cha Bodi ya Huduma za Maktaba, kabla sijaingia ualimu. Ukishajulikana kwamba unaweza kubandika lebo kwenye mgongo wa kitabu ikakaa, basi chumba ni chako, funguo ni zako, na madawati mabovu yaliyorundikwa nyuma ya mlango ni yako vilevile. Chumba chenyewe kilikuwa darasa. Masika ikianza, joto la pwani na unyevu vinaungana, na jalada lolote linaloegemea ukuta linaota ukungu. Ndiyo maana rafu zangu ziko katikati ya chumba, jambo linalomshangaza kila mgeni. Hilo tuliache, nisije nikalia.

Bagamoyo tulifundishwa Dewey, na Dewey nampa heshima yake. Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mpangilio wake mwaka 1876: elimu yote ya dunia makundi kumi, kila kundi linagawika kumi, na kila kumi linagawika tena, kisha inakuja nukta na tarakimu zinaendelea kadiri unavyotaka kuchimba. Hisabati 510, fizikia 530, kemia 540. Kwa masomo ya sayansi sijawahi kuwa na ugomvi naye. Ugomvi unaanza kwenye dini, ambako Ukristo umepewa namba kuanzia 220 mpaka 280 na ushee, na Uislamu wote, fiqhi, tafsiri, sira na historia, umebanwa kwenye 297. Shule ya Tanga yenye watoto wa madrasa na watoto wa kwaya kwa pamoja inaishia na rafu moja yenye lebo fupi na nyingine yenye lebo ndefu kama risiti ya umeme wa LUKU.

Kiswahili nacho kina mambo yake. Lugha yetu iko 496.392. Fasihi yake ni 896.392, unaongeza 1 kwa ushairi, 2 kwa tamthiliya, 3 kwa riwaya na hadithi. Sasa chukua diwani nyembamba ya kurasa sitini, jaribu kuandika 896.3921 na herufi tatu za mtunzi kwenye mgongo wake. Haiingii. Vitabu vinavyoazimwa kuliko vyote shuleni ndivyo vyembamba kuliko vyote, na ndivyo vilivyopewa namba ndefu kuliko zote. Nimeamua hivi: mgongoni naandika USH, TAM au RIW na herufi tatu za mtunzi, basi. Namba kamili ya Dewey inakaa ndani ya katalogi, ili siku tukijiunga na mfumo mkubwa isiwe kazi ya kuanza upya. Mwalimu wangu wa Bagamoyo angenuna. Lakini yeye alitufundisha kwa vitabu vinene.

Rafu ina udhaifu ambao hakuna namba inayoweza kuuponya: kitabu kina sehemu moja tu ya kusimama. Mada ya mkonge ni mfano mzuri, kwa sababu hapa Tanga huwezi kuikwepa. Mjerumani Dkt. Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa karibu na Pangani, na tangu hapo mji huu na bandari yake vimekula na kuvaa mkonge. Kitabu cha kulima mkonge kinakwenda 633.5 pamoja na mimea mingine ya nyuzi. Kitabu cha uchumi wa mashamba kinakwenda 338.1. Historia ya mashamba hayo wakati wa ukoloni iko 967.8 pamoja na historia ya Tanzania. Rafu tatu, pembe tatu za chumba. Sir wa Jiografia anafundisha mkonge, Madam wa Historia anafundisha mkonge, na wote wawili wanawatuma watoto kwangu wiki moja.

Vita vya Tanga ndiyo balaa zaidi. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa kikosi kilichotoka India, kikapigwa na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakaingia vitani bila kuulizwa wako upande gani. Kila mtoto wa Chumbageni ana toleo lake la hadithi hiyo. Akitaka kuisoma, ataanza 967.8, kwa kuwa ni historia ya kwao. Dewey anaipeleka 940.4, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ndani ya historia ya Ulaya. Mtoto hana sababu yoyote ya kwenda kutafuta mji wake mwenyewe kwenye rafu ya Ulaya.

Hapa ndipo katalogi inapoonyesha faida yake. Kitabu kinasimama mahali pamoja tu, lakini kwenye katalogi unaweza kukisemea mambo matatu, manne, kadiri kinavyostahili. Kitabu cha vita vile kwangu kina maneno ya mada haya: Tanga, Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani, ukoloni. Atakayeingia kwa neno lolote atafika. Chuoni tulitumia orodha ya maneno ya mada ya Sears, ya Mmarekani Minnie Earl Sears, iliyotoka mara ya kwanza 1923. Ni nzuri kwa kujifunza nidhamu: neno moja kwa jambo moja, siku zote. Maneno yenyewe lakini ni ya mitaa mingine.

Kwa hiyo nikaweka daftari mezani. Mwanafunzi wa zamu anaandika kila swali kama lilivyotamkwa, bila kulisafisha. Nililikabidhi kwa kiranja wa maktaba na kumwambia asirekebishe Kiswahili cha mtu. Lile daftari limenifundisha kuliko semina zote nilizowahi kulipiwa nauli. Wanauliza "majibu ya NECTA", yaani Baraza la Mitihani. Wanauliza "manamba", wale vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, neno ambalo halimo kwenye fahirisi ya kitabu chochote cha Historia tulicho nacho kwa Kiingereza, ingawa sura nzima inawazungumzia. Wanauliza "hadithi fupi ambayo haina maswali mwisho", na hilo nimelifanya kuwa neno la mada kamili, kwa sababu mtoto aliyesema vile alikuwa anaomba kusoma kwa raha. Mwingine aliandikwa hivi: "Kitabu cha kujifunza Kiingereza cha mtu ambaye hajui kabisa na yuko fomu wani." Huyo wapo wengi. Wametoka msingi kwa Kiswahili, Januari wanakuta kila somo limegeuka.

Kisha nikaongeza safu moja ambayo sikufundishwa na mtu: "Anakitumia nani". Humo naandika somo, kidato, mada, na cheo cha mwalimu. Jina la mwalimu siliandiki, kwa sababu walimu wanahama, lakini Sir wa Jiografia atakuwepo daima, hata akiwa mwingine. Kila mwanzo wa muhula napita ofisini na chai yangu, namwuliza kila mwalimu anatolea noti wapi. Wengine wananionyesha kitabu. Wengine wananionyesha simu, na hiyo ni habari pia. Katika utaratibu wa MARC, ule ambao Henriette Avram aliubuni pale Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960 ili kompyuta ziweze kusoma kadi za katalogi, kila kitu kina namba: jina la kitabu ni 245, mtunzi 100, mada 650. Safu yangu inaingia vizuri kabisa kwenye 500, maelezo ya jumla. Kwa hiyo sijavunja sheria ya mtu.

Majina ya watunzi sasa. Hapa ningeweza kukaa mpaka adhuhuri.

Mzungu anaandikwa kwa jina la ukoo, mkato, jina lake. Kanuni hiyo ukiileta pwani inakwama kwenye kitabu cha kwanza. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, mwaka 1909, unamweka R au unamweka S? Katalogi nyingine zimemweka Robert, nyingine Shaaban. Muulize mtoto yeyote wa Ngamiani, atakwambia Shaaban. Said Ahmed Mohamed je? Mohamed ni jina la babu yake, si la ukoo kwa maana ya Kizungu, na ukimtafuta kwenye M utawakuta kina Mohamed wote wa dunia wamekaa pamoja hawajuani. Halafu yuko Penina Muhando, mwandishi wa tamthiliya, ambaye baadaye anaonekana kwenye majalada kama Penina Mlama. Mtu mmoja, majina mawili, na usipounganisha, nusu ya kazi zake zinapotea mbele ya macho ya mtoto aliyepewa jina moja tu.

Dawa ni faili la majina. Unachagua umbo moja la jina, unaliandika vilevile kila mahali, na kila umbo lingine unaliwekea kielekezo: Robert, tazama Shaaban Robert. Mlama, tazama Muhando. Mimi majina ya pwani yasiyo na ukoo nayaacha yalivyo, kwa mpangilio ule ule wa kwenye ukurasa wa jina. Kuna atakayesema inatakiwa vingine. Ilimradi ni namna moja na vielekezo vipo, mtoto hapotei. Kibaya ni kile nilichowahi kukiona kwenye katalogi ya shule moja, nisiyoitaja, ambako mtunzi mmoja ameingizwa kwa tahajia nne, na moja wameweka jina la mchapishaji.

Kuhusu programu sitasema mengi, kwa sababu watu wanazipa umuhimu usio wao. Ipo Koha, ilizaliwa New Zealand, ikaanza kutumika Januari 2000, ni ya bure na ni imara, lakini inataka seva na mtu wa kuihudumia. Sisi tuna jedwali la Excel. Safu zake nimezipanga zifuatane na namba za MARC, na programu za bure za kugeuza jedwali kuwa rekodi za MARC zipo. Siku tukipata seva tutahama. Kwa sasa jedwali linafunguka kwenye kishikwambi, vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, na kwenye kompyuta Ctrl na F inamtosha mtoto.

ISBN kidogo, ile namba ya kimataifa ya kitabu, kwa wanaoanza. Vitabu vingi vya Tanzania utavijua kwa 9976 au 9987 baada ya 978; vingi vya Kenya ni 9966. Vile vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, na ukitaka kuviingiza kama vya 13 usitangulize 978 tu ukaondoka, maana tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki na lazima ikokotolewe upya. Kitabu cha msaada kutoka Uingereza ukikiskani kwa simu, taarifa zake zinamiminika. Riwaya iliyochapwa Dar es Salaam miaka ya 1970 unaandika namba yake, kama inayo, na mara nyingi mimi hupata ukurasa mtupu. Rekodi ya vitabu vyetu itaandikwa na sisi wenyewe. Ndiyo sababu jedwali langu namgawia mwalimu yeyote wa mkoa huu anayelitaka: kazi ya kukatalogi kitabu cha kiada haina haja ya kurudiwa Muheza, Korogwe na Lushoto.

Sasa upande wa digitali, ambao kila mgeni anauulizia kabla hajakaa. Kompyuta yetu ya maktaba ilitoka kwa waliohitimu zamani. Nilipoifungua ilikuwa imejaa mafaili, mengine yaliitwa scan0023, mengine "final mpya", na moja "BIOLOGY YA UKWELI". Hapakuwa na upungufu wa vitu. Walimu wamekuwa wakimimina flashi zao humo kwa miaka. Upungufu ulikuwa ule ule wa rafu, kwamba kitu kipo na hakuna njia ya kukifikia.

Nikaingiza mafaili kwenye jedwali lile lile la vitabu. Sikutaka jedwali la pili. Safu ya "Mahali" inasema rafu au kompyuta, na folda gani. Mtoto akiandika "mkonge" anaona vitabu vitatu vya karatasi na sura moja ya digitali kwa pamoja, anachagua. Taarifa za faili nimezikopa kutoka Dublin Core, ule mpango wa vipengele 15 vya kuelezea faili uliotokana na mkutano wa 1995 mjini Dublin, jimbo la Ohio. Sihitaji vyote. Jina, mtunzi, mada, tarehe, lugha, haki. Majina ya mafaili yenyewe yanafuata mtindo mmoja: somo, kidato, mwaka, mada, bila nafasi katikati. BIO_K2_2023_usafirishaji. Walimu wawili wamegoma. Nitawapata.

Kilichomo? Vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa masomo ambayo nakala za karatasi hazitoshi. Taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zile zinazoeleza swali kwa swali wapi watahiniwa walipotea. Zipo bure kwenye tovuti yao, na hayo ndiyo "majibu ya NECTA" niliyoyasikia kwenye daftari, kwa hiyo neno la mada ni hilo hilo. Hadithi za African Storybook, zenye leseni huria, ambazo hadithi moja unaipata kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hizo naziandikia rekodi mbili zinazotajana, na zote mbili zimebeba ombi la yule mtoto wa fomu wani asiyejua Kiingereza. Wikipedia ya Kiswahili kupitia programu ya Kiwix, inasomeka bila bando. Kolibri, programu ya masomo, tunaijaribu. Nayo haihitaji intaneti ikishapakuliwa, inarusha masomo kwa Wi-Fi ya ndani, lakini umeme ukikatika imekwisha, na Sir wa Fizikia analalamika kwamba video nyingi zinafuata mtaala wa kwingine.

Kilichokataliwa ni riwaya na tamthiliya za mtaala zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Nimeziondoa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na hata isingekuwepo, mimi ninayefundisha fasihi siwezi kumsifia mwandishi saa mbili asubuhi na kumwibia saa sita mchana. Mwalimu mmoja aliniambia, "Madam, watoto watafeli." Nikamwambia tuchangishe tununue nakala kumi. Tulinunua saba. Zimechakaa, na kuchakaa kwenyewe ndiyo takwimu yangu ya matumizi.

Rejista ya kuazima ukiipekua utaona jambo jingine. Tangu safu ya "Anakitumia nani" ianze, vinavyotoka ni vile walivyotajiwa darasani, na vingine vimelala. Nimejaribu kuvisukuma kwa maneno ya mada tu, haikutosha kwa kila kitabu. Yale maboksi ya msaada yenye vitabu vya kodi za nchi nyingine hayatatoka hata nikiyaandikia mashairi. Mwezi ujao nawasilisha kwa mkuu wa shule orodha ya kuondoshwa, na najua tutabishana, maana vitabu vilivyojaa rafuni vinapendeza kwa wakaguzi.

Kazi iliyoko mezani wiki hii ni ya sauti. Klabu ya Historia imewarekodi kwa simu wazee waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na mmoja wao babake alikuja kama manamba. Mafaili yameshapewa majina, nakala ya pili iko kwenye diski nyingine, na wazee wametoa ridhaa yao kwa sauti zao wenyewe mwanzoni mwa kila rekodi. Nimekwama kwenye safu ya mtunzi. Mzee amesimulia, mwanafunzi ameuliza, klabu imeandaa. Mimi naelekea kumweka mzee kama mtunzi, mtoto kama mhoji, na klabu ipate nafasi ya mchapishaji, lakini mzee wa pili anajulikana mtaa mzima kwa jina la utani, na lile la kwenye kitambulisho hata jirani yake halijui. Nani kati yenu ameshakatalogi sauti za wazee, na jina la utani mmeliweka wapi?